Shimo la Nne

Jumatatu, 7 Julai. Kibaha.
Vitufe vya programu ya mteja, vya kugusa kwenye kioo, vimekwisha. Bapa, rangi moja, ndivyo wanavyovipenda siku hizi. Nimebaki ofisini kutengeneza vya Baba. Kiharusi kimemnyang'anya ulimi na mkono wa kulia. Mama kule kijijini Masaki anabahatisha tu: maji? uji? kugeuzwa? Nataka Baba aguse kioo cha tableti, sauti yangu imsemee.

Alhamisi, 10 Julai.
Mama kapiga simu, tableti niliyowatumia imefika. Baba anavitazama vitufe kama picha ya ukutani. Havigusi. Nimelia chooni. Mbunifu mzima, nashindwa kumwezesha baba yangu kuomba maji.

Ijumaa, 11 Julai.
Mashimo! Baba kacheza bao maisha yake yote. Kidole chake kinajua shimo. Nimechora maduara kwenye rangi ya mninga. Kivuli ndani, upande wa juu. Mstari mwembamba wa mwanga, ukingo wa chini. Mara ya kwanza nilikosea upande wa mwanga, yakatuna kama maandazi. Nikageuza. Yakazama. Yako manne: Maji, Naumwa, Nigeuze. La nne sina neno lake bado.

Jumapili, 13 Julai. Masaki.
Kwanza Baba alijaribu kuchota kete humo, kwa mkono wa kushoto. Mama na mimi tulicheka hadi machozi. Kisha akagusa la Maji. Sauti yangu ikasema, "Naomba maji." Akanywa. Sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko hii.

Jumapili, 20 Julai. Masaki.
Baba hataki uji. Nataka tumrudishe hospitali, Tumbi kule Kibaha. Mama anasita, hasemi kwa nini. Baba hagusi Maji wala Naumwa. Anagusa lile shimo tupu, ananitazama, anagusa tena. Asubuhi nzima. Nimekasirika, ndiyo. Nikaandika humo, kwa kubahatisha: Chai. Akaliangalia, akarudisha mkono kifuani.

Jumatano, 23 Julai.
Baba amefariki alfajiri. Tumemzika alasiri. Basi.

Jumamosi, 26 Julai. Masaki.
Hitima imepita, wageni wameondoka. Nilimwambia Mama sijui Baba alikuwa anataka nini siku ile. Akasema: "Kwenye bao, mwanangu, kete yako ya mwisho ikiangukia shimo tupu, zamu yako imekwisha. Baba yako alikuwa anakuaga. Nilishindwa kukwambia."
Na mimi nikaliziba. Kwa chai! Roho inaniuma, sijui niiweke wapi.

Jumatatu, 4 Agosti. Kibaha.
Nimerudi kazini. Mteja mpya, vitufe bapa. Kabla ya kuanza nimefungua faili la Baba. Nimefuta neno Chai. Kivuli juu, mwanga chini, shimo limerudi kama lilivyokuwa. Nimeligusa mara moja. Halikusema kitu. Nimehifadhi.