Dirisha la Pili la Paa

Murzasichle, Poland
3 Desemba

Dada yangu mpendwa Ludwina,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Chicago, na magoti yako yamepata nafuu. Je, bado unasafisha zile ofisi za ghorofani, au wamekupa kazi ya kukaa? Mimi naendelea, namshukuru Mungu. Mengine utayasoma, ila keti kwanza.

Ulisikia kwamba Aniela wangu alirudi nyumbani Septemba, amemshika mtoto mkono na mfupa wa bega umevunjika. Mumewe Radek alimpiga kwa mguu wa kiti, eti supu imepoa. Nikasema basi, atakaa kwangu. Chumba kilichobaki ni kile cha darini tulicholala mimi na wewe utotoni. Unayakumbuka yale madirisha mawili ya paa: giza mchana, maji yanadondokea kitandani, na baridi ya kutoa machozi. Nikamwita Klimek, jirani yetu fundi wa mapaa. Alibonyeza fremu, kidole kikazama. Akaniambia, "Mama Aniela, hili si dirisha, hili ni jibini." Nikamjibu jibini langu ni gumu kuliko hilo, tukacheka. Sijacheka tena tangu siku ile.

Alianza kazi Jumatano asubuhi. La kwanza alilitoa kwa mtaimbo, akalishusha uani, akaweka jipya, kubwa, lenye kioo cha tabaka tatu. Dada, mwanga uliingia mpaka nikaona rangi ya mbao za ukuta ambayo sikuijua. Aniela alisimama chini yake akalia, akasema hapa anaweza kuishi. Klimek akang'oa la pili, nalo akalishusha uani. Ndipo akaliona lile wingu refu limejipanga juu ya milima kama ukuta. Akatukana, kisha akamwomba radhi Bikira Maria. Halny ulikuwa unakuja. Wewe unaujua upepo huo, unavyong'oa misonobari na kuwapandisha watu wazimu. Haukupita muda akapigiwa simu kwamba mabati ya ghala lake yanaruka. Akafunga turubai kwenye tundu, akakimbia, akiahidi kurudi kabla ya giza.

Aliyekuja ni Radek, amelewa. Alivunja mlango kwa shoka langu la kuni. Aniela alikuwa ameshapanda darini na mtoto. Radek akapiga kelele, "Shuka, we mwanamke! Au nije nikushushe kwa nywele?" Nilisimama kwenye ngazi nikamwambia aniue mimi kwanza. Akasema, "Mama mkwe, panga foleni," akanirusha kwenye jiko la chuma. Meno yangu mawili yalibaki pale. Nilipofika juu kwa kutambaa, alikuwa anamgonga Aniela kichwa kwenye boriti, tena na tena, mpaka mwanangu akaanguka na hakuinuka. Mtoto alikuwa amejibanza nyuma ya boksi la dirisha jipya.

Kisha akararua turubai. Upepo uliingia kwa kishindo, picha zote zikadondoka ukutani. Akaanza kutupa vitu nje kupitia lile tundu: godoro, nguo, kitanda cha mtoto, huku akifoka kwamba hakuna atakayehamia hapa. Vilipokwisha, akamnyooshea mtoto kidole, akasema, "Bado wewe." Akainama nje kutazama kitanda kimevunjikia wapi.

Alianguka uani, juu ya madirisha ya zamani. Kioo kilimwingia shingoni. Klimek ndiye aliyemkuta, damu ikiwa imeshakoma kutoka.

Polisi waliandika kwamba upepo ulimvuta. Mazishini padri aliwaombea wote wanaochukuliwa na halny. Mama yake Radek aliniangukia kifuani, akaulaani upepo, akaniomba msamaha kwa yote aliyoyatenda mwanawe, nami nikampapasa mgongo. Aniela alishonwa nyuzi kumi na nne. Hakuona kitu. Dirisha la pili limeshawekwa, naye analala chini yake na mtoto.

Ludwina, upepo ule hauvumi mfululizo. Huvuma, hunyamaza, huvuma tena. Radek alipoinama ulikuwa umenyamaza kabisa, hata unga wa mbao ulikuwa umetulia sakafuni. Nilimshika miguu yote miwili, juu kidogo ya viatu, nikamnyanyua kama ninavyonyanyua gunia la viazi. Akaniita mama. Hakusema mama mkwe, alisema mama. Nilimsikia vizuri, nikaachia.

Jumapili tatu sasa sijapokea Komunyo. Nawaambia watu tumbo linaniuma. Kipindi cha Majilio kimeanza na kila mtu anakwenda kuungama, mimi nafika mpaka mlangoni pa kanisa nageuka. Naogopa padri ataniambia nikajisalimishe, na nikifungwa Aniela atabaki na nani? Lakini linalonitisha zaidi ni hili: kila usiku napiga magoti nikiomba majuto, na majuto hayaji. Namsikia mtoto akikoroma kule darini, nashukuru. Mtu anaungamaje jambo analolishukuru? Wewe ndiye mkubwa wangu, mama hayupo. Utakaloniambia nitalifanya, hata kama ni polisi.

Msalimie sana shemeji na watoto. Aniela anakubusu. Barua hii ichome, isikae nyumbani.

Ni mimi mdogo wako,
Wiktoria

Tafadhali nijibu upesi.