Faili la Baba Limekataa Kufunguka

Jumatatu, 20 Aprili 2009

Nimefungua duka leo. Watu wanapita kunipa pole, wengine wanaomba fotokopi hapohapo. Sijawakatalia. Mikono ikiwa na kazi, kichwa kinatulia kidogo.

Baba tulimzika Alhamisi, kule nyumbani Bashay, juu ya zizi kama alivyotaka. Mvua haikuacha hata wakati wa sala. Simu yake nilikuwa nayo kwenye koti, ikalowa, ikafa. Fundi wa pale stendi ameifungua, ameipuliza, ameifunga, akasema pole dada. Yaani hata simu!

Ila maneno yake ninayo. Mwezi wa pili, alipoanza kushindwa kutembea, aliniomba nimwekee simu irekodi, halafu akanifukuza chumbani. Baadaye akaniambia, "Haya ni ya Wolfgang. Asikilize yeye, na ninyi mkiwepo. Kabla ya hapo usiguse." Nikayahamishia kwenye kompyuta ya dukani yasipotee. Sijagusa. Mimi nina kiherehere cha kuzaliwa nacho, mama husema hivyo, lakini hilo sijagusa.

Wolfgang ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Yuko Mererani machimboni tangu alipogombana na baba. Alimwinulia fimbo. Ugomvi wa ng'ombe wa kulimia tu, wala hakumpiga — lakini aliinua, na mama aliona, na baba mdogo Isidori aliona. Baba akamwambia asikanyage tena pale. Sasa hakuna anayejua kama kwenye ile simu amemsamehe au amemlaani. Mimi pia sijui. Naogopa kujua.

Jumanne, 21 Aprili

Wolfgang amefika. Gari lilikwama matope kule njia ya Babati, akalala njiani, mazishi yakampita. Kaja moja kwa moja dukani, kakonda, macho mekundu. Nilitaka kumgombeza. Nikamshika tu, tukalia mbele ya wateja.

Mchana tukaenda wote nyumbani. Mama alimshika mkono. Baba mdogo alikuwa ameketi barazani. Wolfgang akainama, akamwamkia shikamoo. Baba mdogo akaangalia mahindi. Akamwamkia tena. Akaangalia mahindi.

Jamani. Mtu mzima kunyimwa marahaba mbele ya majirani! Nilisikia aibu mpaka miguuni.

Halafu baba mdogo akasema na mimi, kama Wolfgang hayupo. Jumapili tunamaliza msiba, ukoo utakaa. Kama kaka yake, yaani baba yetu, amemsamehe huyu, atakaa na wenzake. Kama hakumsamehe, hapiti mlangoni, wala asije tena hata akisikia mama yake amekufa. Kwa hiyo kesho twende tukasikilize.

Wolfgang amelala kwa jirani. Kwao kupo, analala kwa jirani.

Jumatano, 22 Aprili

Siku mbaya kuliko ya mazishi.

Wamekuja asubuhi, baba mdogo na Wolfgang, kila mmoja na upande wake wa barabara. Nimefunga mlango wa duka, nimewapa viti. Nimebofya faili la baba.

Hakukuwa na sauti. Kikafunguka kile kidirisha cheupe cha kuandikia, kimejaa vitu visivyosomeka — visanduku, alama za kuuliza, herufi zenye mikia. Ukurasa kwa ukurasa. Nikafunga, nikafungua tena. Yaleyale. Mausi ilikuwa inateleza mkononi kwa jasho.

Baba mdogo alivaa miwani akasogea. Akatazama muda mrefu. Akaniuliza kama hayo ni maandishi ya nani. Nikamwambia si maandishi, ni mashine tu. Akauliza kama mashine hii leo imefanya kazi nyingine. Nikasema ndiyo, imechapa barua ya mwalimu. Akavua miwani.

"Basi mashine ni nzima. Ni kaka aliyekataa kusema mbele ya huyu."

Nikabisha. Nilibisha kwa sauti, na sijawahi kumpandishia baba mdogo sauti maishani. Kwetu, mzee akikaa kimya ulipotaka neno lake, amekwisha sema. Hivyo ndivyo alivyosoma ile skrini.

Kinachoniuma zaidi ni Wolfgang. Naye ameamini! Kasimama, kasema hata yeye angekuwa baba asingesema. Ijumaa anarudi Mererani. Nimemwambia wewe ni mjinga. Akasema najua, dada.

Alhamisi, 23 Aprili

Mimi najua kuchapa, kufotokopi na kadi za harusi. Zaidi ya hapo kompyuta na mimi tunaheshimiana tu.

Nimempigia Theodory, fundi aliyeniuzia hii mashine. Siku hizi yuko Babati. Tangu pawe makao makuu ya mkoa mafundi wote wamekimbilia huko. Nikamweleza huku nalia, akaniambia nilie baadaye, salio litaisha. Akauliza faili linafunguka na nini. Nikamwambia na ile ya kuandikia. Akacheka! Kidogo nimkatie simu.

Anasema sauti haijaenda popote. Kuna mtu, labda mteja na flashi yake, aliiambia mashine kwamba kila faili la aina hii ilifungue kwa programu ya kuandikia, siku zote. Nayo inatii. Inasoma sauti kama barua, ndiyo maana inatoa takataka. Inabidi iambiwe upya.

Halafu akapoa. Akauliza kama kuna aliyeandika chochote pale ndani au aliyebonyeza kuhifadhi. Kwa sababu ukihifadhi zile takataka, sauti imekwisha, hairudi.

Baba mdogo aliegemea meza! Alishika kibodi? Sikumbuki! Theodory akasema niangalie tarehe ya faili. Ikiwa ya jana, pole. Ikiwa ya zamani, hakuna aliyeliharibu.

Sikuthubutu kuangalia mara moja. Nilifuta skrini kwa khanga kwanza, kama vumbi ndilo tatizo.

Ya Februari. Bado ya Februari! Nikakaa chini sakafuni, nikalia vizuri sasa.

Akanielekeza: bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, chagua programu ya kufungulia, chagua ya kucheza sauti, tiki pale panaposema itumike siku zote. Nimefuata. Kwenye orodha ya kwangu hakuna inayojua sauti za simu. Anaituma programu kwenye CD, kwa dereva wa gari la asubuhi.

Umeme umekatika saa nane, haujarudi.

Ijumaa, 24 Aprili

CD imefika imefungwa kwenye gazeti. Umeme nao umerudi, asante Mungu. Nimeingiza programu, nimebonyeza kulia, nimechagua, nimetiki. Kile kialama cha faili kikabadilika sura mbele ya macho yangu.

Nikabofya. Baba akakohoa.

Kikohozi chake kilekile. Dukani kwangu, katikati ya karatasi. Nilizima upesi. Alisema nisiguse. Baba yangu jamani.

Wolfgang alikuwa ndani ya gari tayari, njiani kuelekea Babati. Nikamwambia kwenye simu ashuke. Akasema dada, niache. Nikamwambia, "Nimemsikia akikohoa." Nikasikia anamwomba konda asimamishe gari.

Baba mdogo hakutaka kuja. Anasema yeye aliona alichoona. Mama ndiye aliyemaliza maneno: kesho anakwenda mjini kumsikiliza mume wake, na atakayebaki abaki.

Jumamosi, 25 Aprili

Naandika hapahapa dukani, wao wakiwa wamekaa. Nisipoandika sasa nitapasuka.

Wamekuja wote watatu. Mama kakaa mbele kabisa, kajifunika shuka lake, kaniuliza baba yuko upande gani wa hiyo meza. Baba mdogo kakaa mlangoni. Wolfgang amesimama, hataki kiti.

Nimefungua. Kikohozi. Baba akauliza kama kitu kinawaka, akajijibu kinawaka. Halafu akaanza — slufay! Baraka zetu zile za Kiiraqw, ambazo mzee anazisema na watu wanaitikia. Sikutegemea. Sauti nyembamba, ila imenyooka. Mvua inyeshe bila hasira. Akanyamaza. Ng'ombe wazae, maziwa yamwagike. Akanyamaza. Nilidhani anavuta pumzi. Kumbe alikuwa anatuachia nafasi ya kuitikia! Peke yake chumbani, amelala, anatuachia nafasi.

Mama ndiye aliyeelewa kwanza. Akaitikia, polepole. Mstari uliofuata nikaitikia na mimi. Uliofuata, nyuma yangu mlangoni, sauti nzito ya baba mdogo. Hakuna mtu anayemsomea baraka mtu aliyemlaani. Baba mdogo anajua hilo kuliko sisi. Alikuwa anaitikia huku machozi yanamtoka, wala hayafuti.

Wolfgang kimya. Midomo inatikisika, kimya.

Halafu baba akasimamisha slufay. Akasema, taratibu kama mtu anayemwita mtoto ale:

"Wolfgang. Wenzako wameitikia. Nakusubiri wewe."

Akanyamaza.

Hakusema tena. Kile kimstari kwenye skrini kinasogea tu, na baba anapumua. Tulisubiri. Pumzi zikawa ndefu, zikawa nzito, na nikajua. Siku ile nilipoingia kuchukua simu nilimkuta amelala nayo kifuani. Alisinzia akisubiri! Faili linaishia hapo, kwenye pumzi zake. Hakuna kingine.

Mama analia bila sauti. Wolfgang ametoka nje, amesimama kwenye mvua na mikono kichwani. Baba mdogo akamfuata. Nikadhani atamsema. Alimshika bega, akamrudisha ndani, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe.

Wolfgang anasema atamwitikiaje mtu aliyekwisha zikwa.

Baba mdogo anasema yeye hajui mambo ya mashine, lakini mzee akikusubiri huwezi kumjibu kwamba umechelewa. Ameniambia nirudishe. Nisianze mwanzo, mama hataweza. Pale baba anapomwita.

Nimerudisha. Mkono mmoja kwenye mausi, mwingine kwenye kalamu. Baba amemwita. Amesema anasubiri. Kimstari kinasogea. Wolfgang ameinamia spika, uso karibu uiguse. Amefungua mdomo, sauti haijatoka. Baba bado anapumua —