Baba Orrin, Bunduki Yako Imelia Porini

Mwaka umezunguka, Baba, tangu asubuhi ile ya Novemba ulipotutoka ukiwa umekaa jikoni, kikombe cha kahawa mbele yako na miwani juu ya paji la uso. Kiti chako sasa kimetwaliwa na paka, na hakuna anayethubutu kumfukuza.

Tunaikumbuka mikono yako. Ukiletewa bunduki kuukuu ya mitutu miwili, ulikuwa ukiivua mitutu, ukaining'iniza kidoleni na kuigonga kidogo. Ikilia kama kengele, ulijua ni mizima. Kisha ungeisogeza dirishani kutafuta zile rangi za kiwandani, buluu na kahawia, zinazojificha kwenye pembe za chuma. "Kitako kikivunjika fundi ataunga," ulisema. "Rangi hii ikitoka, imetoka." Hiyo ndiyo uliyoipangia bei.

Wala hukumpunja mtu. Mjane mmoja alikuja kwenye meza yako pale ukumbi wa zimamoto, ulipokuwa ukiwapangia watu bei za bunduki zao, bunduki ya marehemu mumewe ameiviringisha kwenye taulo, akataka kuiuza kwa bei ya baiskeli. Ukairudisha kwenye taulo lake. "Dada, nenda nayo nyumbani ukaifungie. Hujui ulichobeba." Ungeweza kuinunua, na wala asingejua.

Yako mwenyewe, uliyoachiwa na Babu, hukuwahi kuipiga hata mara moja. Ulihofia rangi yake. Ulimwachia Mama Verna na agizo moja tu: isisuguliwe.

Agizo hilo mkweo Royce hakulisikia. Wewe unamjua: kazi yake ni kufufua magari ya zamani, na kwake kitu kuukuu hakijapona mpaka ujione uso ndani yake. Aliichukua kwa siri ili amfurahishe Mama. Akasugua chuma, akapiga vanishi kitako, akafunga utepe mwekundu. Siku ya Krismasi Mama alifungua sanduku, bunduki ikamwakia machoni kama sufuria mpya.

"Umeipenda, Mama?"

"Royce," Mama akasema, "uliyemsugua humu ni Orrin."

Akalia mbele ya watu wote. Kisha akasema hataki kumwona tena yule kijana nyumbani kwake. Jolene naye, mwanao kweli kwa ubishi, akajibu kwamba mlango usiompokea mumewe na yeye haumfai. Mwaka mpya Mama na mwanao Curtis walikula nyama ya nguruwe na kabichi chachu, mlo wetu wa kuombea bahati, wawili tu, nyama ikabaki. Tuliogopa, Baba. Wewe hukuwepo, na nyumba yako ilikuwa inavunjika.

Majira ya kuchipua Mama aliibeba bunduki hadi kwa rafiki yako Merle, aliyerithi meza yako ukumbini, amtajie bei aiuze asiione tena.

"Shemeji, nani kaipaka hii lipstiki?"

"Mkwe wangu."

"Ana mkono mzuri huyo. Akili ndiyo sijui."

Merle akaivua mitutu, akaitundika kidoleni, akagonga. Ikalia, Baba. Ikalia mpaka watu wa meza za jirani wakageuka.

"Kwa mkusanyaji wa vitu vya kale imekwisha, sikufichi," Merle akasema. "Lakini mitutu ni mizima, na inafunga vizuri. Orrin aliogopa kuipiga kwa ajili ya rangi. Rangi haipo. Wewe unaogopa nini?"

Mama akacheka, mara ya kwanza tangu tukuzike. Akaenda moja kwa moja hadi gereji. Royce akatambaa kutoka chini ya gari, mafuta hadi masikioni.

"Mama, nisamehe, mimi…"

"Nyamaza. Msimu wa kuwinda kwale ukifunguliwa utanibebea mfuko. Na ununue buti, usije na viatu vyako vya kanisani."

Oktoba wakapanda mlimani, kwenye njia yako ya zamani. Kwale akaruka, Mama akakosa kwa mtutu wa kwanza, akampata kwa wa pili.

"Kumbe ndiyo maana ipo miwili," Royce akasema.

"Beba ndege, wewe."

Tulimla Jumapili, wote mezani. Royce aliuma kipande cha risasi nusura jino litoke, na Mama akamwambia ni salamu zako.

Vanishi ile imeanza kutoka pale Mama anapoishika. Siku moja mpanga bei ataigeuza dirishani, aone alama za mkono wa Mama, asijue ni za nani. Sisi tutajua.

Wanaokukumbuka: mkweo Royce (Mama ndiye aliyesema atangulie), mkeo Verna, wanao Curtis na Jolene, na rafiki yako Merle.

Utakuwa nasi siku zote, Baba. Na hatusugui kitu tena.