Zamu ya Kufagia ni Yako

Marwa,

Kabla hujauliza hali yangu, jua kwanza unaandikiwa na mtu mkubwa. Mimi siku hizi ni fundi wa tovuti. Naunda michezo ya kompyuta, ile ambayo ukiigusa inakujibu, na nina vijana wa nchi tatu chini yangu. Nikikohoa, wananyamaza. Mambo ya redio nimewaachia wadogo.

Haya, punguza kucheka, utaamsha majirani zako huko. Ni uongo. Sijaandika hata mstari mmoja wa hiyo lugha ya kompyuta. Nilijaribu siku moja, nikafuta alama moja ambayo niliona haina kazi, ukurasa wote ukawa mweupe kama unga wako. Na hao vijana hawako chini yangu. Mimi ndiye niko chini yao, chini kabisa, pale wanapowekwa watu wa kusema "hapa hapasomeki" na "hiki kitufe ni kidogo, kidole changu ni kinene". Lakini wananisikiliza, Marwa. Hilo si uongo.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu hicho ndicho kilikuwa chetu. Kikuria chako kilinishinda miaka yote, na Kijaluo chako, Mungu anisamehe, kilikuwa kinafanya wateja wangu wafikiri unaumwa na jino.

Siko Migori tena. Tulipotoka kukuzika kule kwenu Kehancha, nilikaa kibandani wiki tatu nikitengeneza redio ambazo hazijaharibika. Mashine yako ya kusaga ikafungwa. Wewe hujui kile kimya, kwa sababu wewe ndiye ulikuwa kelele. Miaka yote nilikutukana kwamba hiyo mashine itanitoboa masikio, halafu ilipozimwa nikashindwa kusikia hata redio niliyoshika mkononi. Akinyi binti yangu akaja, akanitazama, akafunga kibanda yeye mwenyewe, akanipeleka kwake Homa Bay.

Ana nyumba nzuri. Chumba changu kinatazama ziwa, na kila mgeni akiingia ananiambia, "Mzee, una bahati." Ziwa ni kubwa, ndiyo, lakini halijui kumtukana mtu. Asubuhi wote wanatoka, Akinyi kazini, mumewe kazini, watoto shuleni, nabaki na saa ya ukutani. Nimeifungua hiyo saa mara mbili na kuifunga. Haina ugonjwa wowote.

Ndipo Akinyi akanipa simu yake ya zamani, ile ya kupapasa. Nikaandika neno moja tu: ajua, bao letu la mashimo na kete. Sikuwa natafuta kitu. Nilitaka kuona ubao, vile mtu anataka kuona picha ya nyumbani. Kumbe kuna kikundi cha watu kwenye intaneti, kazi yao ni kutengeneza michezo ya zamani ya kwetu ichezwe kwenye simu na kompyuta. Wengine wako Kenya, wengine Uganda, wengine Tanzania, hawajawahi kuonana, lakini wanagombana kila siku kama watu wa boma moja. Na wakati huo walikuwa wanatengeneza ajua.

Nikagusa shimo. Kete zikainuka, omera, ndugu yangu, zikatembea zenyewe moja moja, tak, tak, tak. Halafu upande wa pili ukacheza! Nilishtuka, nikaangalia nyuma yangu. Ilikuwa mashine tu. Nilicheza nayo hadi chai ikapoa. Ilinishinda, na haikusema neno. Kesho yake nikaishinda, na haikusema neno. Wewe ukianza kushindwa ulikuwa unainuka ghafla, "Ngoja, mkanda wa mashine unateleza," unaenda kukaa kule ndani dakika kumi ukipiga hesabu. Mkanda haukuwa unateleza, Marwa. Nilikuwa nachungulia.

Basi nikajiunga. Na wewe unanijua, siwezi kuingia boma la watu bila salamu. Niliona orodha ya majina, nikaanza na la kwanza: habari ya kwako, mimi ni Okeyo, fundi wa redio, zamani wa Migori, sasa niko Homa Bay kwa binti yangu, watoto hawajambo? Nikaenda la pili. Nikaenda la tatu. Kila mmoja salamu yake, hakuna kuruka mtu. Nilifika kama wa arobaini, nikafungiwa. Kompyuta yao ilisema hakuna binadamu anayesalimia watu wengi hivyo, lazima hii ni mashine. Nikaambiwa nithibitishe kwamba mimi ni mtu kwa kuchagua picha zenye taa za kuongozea magari. Mimi taa hizo nimeziona Nairobi tu, na siku hiyo nilikuwa naangalia mfuko wangu. Nikakosea mara tatu.

Aliyenifungulia ni mama mmoja wa Musoma anaitwa Neema, ndiye kiongozi wao. Aliniandikia, "Mzee, samahani, wewe ni mtu kweli?" Nikamjibu kwamba marehemu mke wangu naye aliwahi kuuliza hilo. Tangu siku hiyo tunaelewana.

Walipojua nimecheza ajua zaidi ya miaka thelathini na mtu yule yule, maswali yakaanza. Mzee, kete zikimwagika mnafanyaje? Mzee, mtu akichelewa kucheza? Na mimi nilikuwa na lalamiko langu: mchezo wao hauna mahali pa kuficha kete. Niliwaambia hiyo si ajua kamili. Wakacheka, wakadhani natania.

Sawa, nakubali. Nilikuwa naficha. Kwenye pindo la suruali, upande wa kushoto. Si kila siku. Ulikuwa unanituhumu naficha kwapani, na huko hukuwahi kupata kitu, ndiyo maana nilikuwa nakuapia kwa sauti kubwa vile.

Kisha Neema akasema sauti ya kete si nzuri, inalia kama kijiko kwenye glasi. Akauliza nani anaweza kuwapatia sauti ya kete za kweli zikianguka mahali pa kweli. Mimi nikainua mkono kabla sijafikiri. Fundi wa redio, sauti si ndiyo shamba langu? Nikawaambia najua mahali.

Unakumbuka ile siku ulipotengeneza sakafu ya mashine, simenti ikabaki. Ulitaka kuimwaga. Nikachukua kikombe chako cha chai, tukabonyeza mashimo kumi na sita kwenye ngazi ya nyuma, nane kwangu, nane kwako, na kuku wako akakanyaga lile la pembeni kabla halijakauka. Mpaka leo lina vidole vitatu. Na kwa vile unga wako ulikuwa unajaza mashimo kila siku, tukaweka sheria: anayeshindwa leo, kesho asubuhi anafagia. Hiyo ndiyo sheria moja tuliyokubaliana. Ile nyingine hatukuwahi. Kwetu mtu akila kete za mwenzake anaendelea kucheza. Kwenu, ukila, unampisha mwenzako. Tukawa tunacheza mchezo mmoja kwa sheria yangu na mmoja kwa yako, na kila anayeshinda anasema ameshinda kwa akili, anayeshindwa anasema ameibiwa na sheria.

Nilienda Migori Jumanne moja. Nilibeba kete kwenye mkebe wetu wa majani ya chai, simu imejaa chaji. Mlango wa mashine una kufuli iliyoshika kutu. Nikazunguka nyuma.

Marwa, yamejaa. Si unga tena, unga umeisha. Majani, vumbi la barabara, karatasi ya peremende, na kwenye lile shimo la kuku kuna maji na kitu kinaogelea. Burashi yetu bado iko pale kwenye ufa wa ukuta, ile ya kupaka rangi. Kazi ya dakika mbili. Nikaichukua.

Nikairudisha.

Sikuweza. Jumamosi ile ya mwisho ulishindwa wewe. Ilikuwa sheria yangu siku hiyo, nikala, nikaendelea, nikala tena, ukabaki na kete mbili, ukasema mkanda unateleza. Na naapa sikuficha kitu, pindo lilikuwa tupu, niliyoficha ni ya wiki iliyotangulia. Ulikuwa unafunga mlango uende nyumbani kwa watu wako. Nikakuambia usisahau kufagia Jumatatu. Ukaniambia, "Kwani mashimo yana miguu? Nitayakuta." Jumapili ukalala baada ya chakula, na simu niliyopigiwa jioni haikuwa yako.

Zamu ni yako. Nikifagia mimi, nimekubali kwamba hurudi. Sijui kama unanielewa. Pengine wewe ndiye mtu pekee ambaye angenielewa, na pia ungenicheka hadi unga ukutoke puani.

Nilikaa pale kwenye ngazi hadi yule jirani wa kuchomelea vyuma akaniuliza, "Mzee, unangoja nani, hapa palifungwa." Nikamwambia nangoja gari. Nikarudi Homa Bay na mkebe wangu. Neema aliponiuliza sauti iko wapi, nikamwambia simu ilizima. Nimemdanganya mama wa watu bure.

Wiki iliyopita wakafika kwenye sheria. Wale wa Uganda wanacheza hivi, wale wa Musoma vile, wakagombana siku nne. Kuna aliyesema ziwekwe zote, mchezaji achague, wakasema hapana, mchezo wa kuanzia uwe na moja tu. Mwisho Neema akaandika mbele ya wote, "Tumuulize Mzee Okeyo. Atakavyosema yeye, tutaandika hivyo."

Umesikia? Miaka thelathini na zaidi ya ubishi, na sasa naulizwa mimi, wewe hupo, kiti chako kiko wazi, hakuna wa kupiga ngazi kwa kiganja akisema, "Bwana, huo ni wizi!" Nilikuwa nimekushinda. Nikaanza kuandika: ukila, unaendelea.

Nikasema kwanza nijaribu. Neema alikuwa ametuwekea mchezo wa majaribio kwa sheria yangu. Nikacheza. Nikala, nikaendelea. Nikala tena, nikaendelea. Upande wa pili umekaa tu. Naendelea, naendelea, kete zinatembea, tak tak tak, hakuna anayeinuka kwenda kuangalia mkanda. Pale ndipo nilipoiona vizuri hiyo sheria yangu. Ni sheria ya mtu anayecheza peke yake. Na kama ni kukaa peke yangu, tayari nina saa ya ukutani.

Nikafuta. Nikaandika: ukila, unampisha mwenzako.

Wakauliza, mzee, hiyo ndiyo ya kwenu? Nikasema hapana, ni ya mtu mmoja wa Kehancha, mwenye mashine ya kusaga, mbishi sana, na ndiyo nzuri zaidi, kwa sababu inakulazimisha kungoja mtu. Neema akaniuliza jina la huyo mtu. Sasa ukifungua ule mchezo, kwenye maelezo ya kucheza, pale chini kwa maandishi madogo, imeandikwa sheria ya Marwa. Nimelalamika kwamba maandishi ni madogo mno. Wameyaongeza.

Usivimbe kichwa. Nimekupa sheria, sijakupa ushindi. Matokeo ya Jumamosi ile yako palepale.

Watu wanaucheza, wewe. Jana nimecheza na mtu wa kweli, sijui yuko wapi, hakuandika jina. Alikula kete zangu nne, akanipisha. Nikangoja zamu, nikacheza, nikamngojea yeye. Alichelewa sana. Nikajiambia ameenda kuangalia mkanda. Akaondoka bila kumaliza. Watu wa intaneti hawaagi, hicho ndicho kitu sijazoea.

Akinyi anasema siku hizi naongea mezani. Neema ananiita baba. Wote wazuri. Lakini hakuna hata mmoja anayejua kunitukana sawasawa, na mimi siwezi kuwafundisha watu wa heshima mambo kama hayo. Mchana ule ulikuwa wako, kati ya mteja wa mwisho wa asubuhi na wa kwanza wa jioni. Bado uko, kila siku unakuja saa ile ile, sijui niuweke wapi.

Wacha nikome hapa, macho yamechoka na dirisha linaingiza upepo wa ziwa. Kaa salama, Mkuria wangu. Nakuahidi hivi: mkebe haufunguliwi na mtu mwingine, na siku nitakayofika huko nitakuja na kete zote, hata ile ya pindo. Nikishindwa mchezo wa kwanza, nitafagia bila kunung'unika, ubao wowote mnaochezea huko.

Ila Jumanne ijayo narudi Migori. Neema bado anahitaji sauti yake, na mimi nimechoka kumdanganya. Kwa hiyo nakuomba kitu kidogo, na si ombi, ni deni lako la tangu Jumamosi. Huko uliko upepo si haukosi, tuma hata kidogo. Sitaki mashimo yote, najua wewe ni mvivu. Nifagilie moja tu, hata lile la kuku, nipate pa kuangushia kete.

Okeyo