Kupanda Brenner Mwezi wa Machi

Augsburg, 14 Oktoba 2016

Dada Delfina,

Za huko Belluno, na huo mguu wako unasemaje? Mimi sijambo, ila nyumba imekuwa kubwa tangu mke wangu Gerda atangulie mbele ya haki. Na tangu niwaachie wengine duka la aiskrimu, bado naamka alfajiri kama jogoo asiyejua kwamba kuku wameuzwa.

Nina wazo. Nimetandaza ramani mezani. Majira ya kuchipua nataka nije kwa gari kutoka hapa hadi Venisi, polepole, siku nne au tano, nikupitie Belluno twende wote. Barabara kuu siitaki. Nataka njia ya baba, ile aliyopita kila Machi kuja huku kuuza aiskrimu: Innsbruck, Brenner, Dobbiaco, Cortina, halafu nipande mlima wa Cibiana niteremkie kijijini kwetu Zoldo. Jana nilizifuata kona zote kwa kidole, nikasikia harufu ya gari lile la zamani: petroli, vanila na soksi za baba.

Unakumbuka alivyoimba akipanda mlima wa mpakani pale Brenner? Kadiri gari lilivyochoka ndivyo alivyopaza sauti, utadhani wimbo ndio unaosukuma. Na yule bwana wa forodha, unamkumbuka? Alimuuliza mama amebeba nini. Mama akasema, "Jibini na mume." Akaulizwa, "Kipi kinalipiwa ushuru?" Mama akajibu, "Chenye harufu kali." Baba akanuna mpaka Innsbruck.

Wewe chagua pa kulala. Pa kula nitachagua mimi, maana ukiachiwa wewe tutakunywa supu safari nzima.

Mdogo wako,
Loris

Belluno, 30 Oktoba 2016

Mdogo wangu Loris,

Nimepata barua yako nikiwa mzima, nashukuru Mungu. Mguu unatabiri mvua kuliko redio. Unakula vizuri? Usinidanganye, mwanamume aliyebaki peke yake hula amesimama.

Nimecheka habari ya jibini. Halafu nikaacha kucheka. Loris, unaniuliza kama nakumbuka. Nikumbuke vipi? Mimi sikuwamo. Mlikuwamo wewe, baba, mama na ile mashine ya kukorogea aiskrimu. Mimi nilibaki Zoldo kwa bibi Oliva, nimesimama kwenye bomba la maji, natazama gari likipotea nyuma ya nyumba ya mhunzi. Kila Machi mama alinifunga kitambaa kichwani akaniambia, "Mwaka ujao utakuja nasi." Kile chumba cha nyuma ya duka kilitosha mtoto mmoja, na wewe ndiye uliyekuwa na kifua kibovu. Sikulaumu. Baadaye bibi akazeeka, nani angemwacha? Kisha nikaolewa na Sisto, Mungu amrehemu, mtu aliyewaonea ng'ombe wake wivu kuliko mkewe. Augsburg nimefika mara moja tu, harusini kwako, kwa treni ya usiku. Sikuona hata kilima.

Kwa hiyo usinipakie hapa ukanimwage Venisi. Venisi ipo mlangoni, ndiko ninakotengenezewa meno. Kama kweli unataka kunibeba, nibebe kupanda, kutoka hapa hadi Augsburg. Machi, kama walivyoondoka wao. Nami nikae kiti cha nyuma.

Dada yako,
Delfina

Augsburg, 4 Desemba 2016

Dada yangu mpenzi,

Natumaini baridi haijakubana. Mimi mzima, ninakula nimekaa.

Nimechelewa kujibu. Nimekuwa nikizunguka na barua yako mfukoni. Unajua, mimi nilikuwa nakuonea wivu wewe? Ulikuwa na bibi, mbuzi, theluji, watoto wanaosema lugha yako. Mimi nililala ukutani penye friza linalonguruma, na shuleni waliniita "koni." Kila Machi nililia nikitaka kushuka nibaki na wewe. Baba alidhani ni kichefuchefu.

Kuna jambo sikuwahi kukueleza, kwa sababu nilidhani unalijua. Mama hakuwa akilia pale kijijini, si ndiyo? Alikuaga na macho makavu. Basi, tukifika juu Cibiana baba alisimamisha gari bila kuambiwa. Mama alishuka akaenda nyuma ya kanisa dogo lililopo pale. Baba alivuta sigara, ya kwanza, ya pili. Mimi niliambiwa nihesabu miti. Mama aliporudi alikuwa amejipaka poda upya, na pua nyekundu chini ya poda. Mwaka mmoja alikataa kurudi garini, baba akamfuata. Nilimsikia mama akimwambia, "Ampelio, nimemwacha pale kama ndoo." Sikujua anasema nini. Nilidhani tumesahau ndoo.

Tutapanda, Delfina. Machi. Tutalala Cortina, Brunico, Innsbruck. Kiti cha nyuma ni chako, nitakiwekea blanketi.

Loris

Belluno, 21 Desemba 2016

Loris wangu,

Heri ya Krismasi, na afya iwe nawe. Hapa theluji imefika madirishani.

Nilipofika pale penye ndoo katika barua yako nilitoka nje nikapasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa. Miaka yote hii nilidhani alikuwa mwepesi kuondoka. Nilimwambia hivyo siku moja, nikiwa msichana mkubwa: "Wewe macho yako hayana maji." Alikuwa anakanda unga, akaendelea kukanda. Laiti angenijibu.

Sasa tupange. Brunico hatulali, kuna binamu yake Sisto, atatuonyesha picha za upasuaji wake. Tulale Dobbiaco. Nitapika ugali wa mahindi, tuukate vipande baridi na jibini, tule njiani. Usilete zile soseji zako nyeupe, zinafanana na vidole vya maiti. Na utaimba. Sauti unayo, ila ni mbaya.

Delfina

Augsburg, 20 Februari 2017

Dada Delfina,

Shikamoo. Naanza na heshima ili usinigombeze. Nimeanguka kwenye barafu mbele ya duka la mikate, nyonga imevunjika. Wamenifunga vyuma, niko nyumbani, muuguzi anakuja asubuhi. Naendelea vizuri ila daktari amesema nisishike usukani mpaka kiangazi kipite.

Nimelia, si kwa nyonga. Tuahirishe tu. Mwaka ujao, Mungu akipenda.

Loris

Belluno, 27 Februari 2017

Loris,

Pole sana, mdogo wangu. Unywe mchuzi wa mifupa na umtii muuguzi.

Lakini mwaka ujao sitaki kuusikia. Nina miaka sabini na tatu, nimeambiwa "mwaka ujao" mpaka nikaota mvi. Kigari changu kina matairi ya theluji na minyororo ipo nyuma. Fundi amekikagua. Aliniuliza, "Mama Delfina, Augsburg peke yako? Una wazimu?" Nikamwambia, "Kaza hiyo nati."

Naondoka tarehe kumi.

Delfina

Augsburg, 4 Machi 2017

Delfina!

Usithubutu! Hujawahi kuendesha zaidi ya Longarone! Kushuka Brenner upande wa Austria malori hayana huruma. Panda treni, nakusihi. Nani atakuwa nawe?

Kama hunisikii, na najua hunisikii, tumia gia ya pili kwenye miteremko, usikanyage breki muda wote.

Loris

Innsbruck, 12 Machi 2017

Mdogo wangu Loris,

Nyonga yako haijambo? Mimi nipo Innsbruck, mzima. Hii barua nitakuletea mwenyewe, lakini kuna mambo siwezi kuyasema usoni kwa mtu, hata wewe.

Pale Cibiana nilisimama. Nyuma ya kanisa theluji ilikuwa imenifika magotini. Nilikaa kidogo pale alipolilia, nikamwambia marehemu mama nilichotaka kumwambia. Hicho ni chetu sisi wawili.

Cortina nilikosea njia. Dobbiaco nililala kama gogo. Leo Brenner nilipanda kwa gia ya pili, foleni ya magari nyuma yangu ikinipigia honi, nami nikawapigia yangu. Nilijaribu kuimba. Loris, inasaidia kweli.

Kule juu mpakani nilitoa pasipoti, nikaishika dirishani nikiwa tayari. Hakuna mtu. Hakuna kizuizi, hakuna wa kuniuliza nimebeba nini. Nikaegesha, nikaingia mkahawani. Mama mhudumu aliyeniletea kahawa aliniuliza, "Bibi, unaelekea wapi na hali hii ya hewa?"

"Augsburg."

"Peke yako? Kuna nini huko?"

Nikamjibu kabla sijafikiri: "Wazazi wangu wananisubiri."

Alinitazama, mvi zangu, mguu wangu, pasipoti bado ipo mkononi. Hakucheka. Alinifunga vizuri kitambaa changu cha kichwa, akasema, "Basi nenda taratibu. Wakikusubiri sana wataelewa, barabara ni mbaya."

Kesho mchana nitakuwa mlangoni kwako. Usiteremke ngazi.

Dada yako,
Delfina