Malkia Hana Kichaa

Kaka,

Usimpeleke Malkia kwa jirani. Najua alikuuma kidole asubuhi ulipokuwa unasugua kioo cha tangi, ukaapa kwamba samaki huyo leo halali humu ndani. Pole. Lakini hana kichaa.

Ulipotoka umenuna, nilivuta kigoda nikamtazama mpaka chai yangu ikapoa. Anawafukuza wenzake wote, kisha anarudi palepale, nyuma ya kile chungu kidogo, anapepea mapezi bila kupumzika. Nikamulika kwa tochi ya simu. Kaka, chungu kimejaa mayai, madogo kama punje za mtama.

Basi mkono wa mtu usiingie majini. Pampu isichomolewe, hata kama simu yako inazima. ~~Mpe chakula kidogo saa saba.~~ Usimpe, nakujua unavyomimina. Nitampa mwenyewe nikitoka kazini.

Mama, ukiiona hii kabla yake, msimulie ulivyokuwa alipozaliwa yeye: hata shangazi ulimfungia mlango, asimguse mtoto. Wala hakuna aliyekupeleka kwa jirani.

Mdogo wako, niliyechelewa kazini kwa ajili ya mzazi