Chura kwenye Miwani ya Mzee

Dada Mwanaidi, shikamoo.

Huku Chumbi mvua haikatiki, na nimeshiba wali hadi kanzu inanibana. Leo asubuhi baba yake mchumba wangu Zuhura alipoanza kunihoji kuhusu posa, chura wa mtini alimrukia, akaganda kwenye kioo cha miwani yake. Mzee akatikisa kichwa, wapi!

"Usimvute," Zuhura akaniambia. "Vidole vyake vina ute unaonata. Vibandue kimoja kimoja."

Nikavibandua taratibu, pua yangu ikikaribia kugusa ya mzee. Chura alipotoka, mzee akacheka hadi machozi.

"Kama huyu umemweza, na Zuhura utamweza."

Zuhura amenuna, lakini posa imepokelewa! Mpashe mama habari, uwabusu watoto.

Mdogo wako,
Salumu